Somo la Afya: Kidonda na Kinyama cha Jicho

Leo tutajifunza kutazama jicho. Hatutaki kuwa madaktari. Twataka kujua ni ugonjwa gani usioweza kungoja.

Kwanza, naweni mikono kwa sabuni. Mkalisheni mgonjwa mlangoni, penye mwanga wa mchana. Mwambieni atazame juu, chini, kulia na kushoto. Msiliguse jicho. Mbele ya sehemu nyeusi kuna utando mwembamba, safi kama kioo cha saa. Huitwa kioo cha jicho. Kikipata kovu, mtu haoni vizuri.

Jambo la kwanza ni kidonda. Mkulima anavuna mahindi, jani linamchoma jichoni. Baada ya siku chache jicho ni jekundu, linauma, linatoa machozi, wala halitaki mwanga. Juu ya kioo pana doa jeupe. Hicho ni kidonda: vijidudu au kuvu wameingia penye mkwaruzo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Msimtie maji ya majani, wala maziwa ya mama, wala dawa aliyobakiza jirani. Ziko dawa za matone zinazopunguza wekundu, huku kidonda kikizidi kula chini kwa chini.

Jambo la pili ni kinyama chenye umbo la bawa. Huanza pembeni, mara nyingi upande wa pua, kikatambaa polepole kwa miaka kuelekea katikati. Huwapata hasa watu wa juani, kama wakulima na wavuvi. Hicho si saratani. Kikikaribia mboni, daktari hukikata. Kofia pana husaidia kukinga jua.

Jambo la tatu ni uvimbe ulioinuka, mweupe kama chokaa au mwekundu, unaokua kwa majuma au miezi. Huenda ni saratani. Huku Afrika Mashariki huwapata hata vijana, na zaidi wenye virusi vya Ukimwi. Ukikatwa mapema, jicho huweza kuokolewa. Ukiachwa, huenda jicho lenyewe likatolewa. Mwanzoni hufanana na kinyama cha juani. Kwa hiyo kila kinyama kipya kionyeshwe kwa daktari.

Sasa andikeni daftarini:

Doa jeupe na maumivu: hospitali leo.
Uvimbe unaokua upesi: hospitali juma hili.
Kinyama cha miaka mingi: siku ya kliniki ya macho.

Someni sentensi hizi nyumbani kwa sauti, ili na wasiojua kusoma wazisikie. Kwaherini mpaka juma lijalo.