Ubuyu, Sukari na Rangi

(Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi, Mbweni)



Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya mahesabu nimemwachia Mweka Hazina. Vitabu vyake viko pale mezani na kila mwanachama ana haki ya kuvifungua. Mimi nimechagua kuzungumza habari ya ubuyu. Nasikia wengine wanacheka huko nyuma. Chekeni tu, lakini hebu tuulizane, marejesho ya mikopo yetu yametoka wapi miaka yote hii? Wako waliolipa kwa samaki, wako wenye genge, wako wanaoshona. Na wako wengi waliolipa kwa ubuyu, kopo kwa kopo. Ada za shule zimetoka kwenye ubuyu. Kuna nyumba hapa Mbweni zimeezekwa bati kwa ubuyu, na wenyewe mmekaa hapo hapo mbele yangu.

Watu wanauita ubuyu wa Zanzibar, na sisi tunaandika hivyo hivyo kwenye kopo, kwa sababu upishi huu wa kuuvisha sukari na viungo ni sifa ya wenzetu wa Unguja. (Hata Mbweni iko ya kwao huko Unguja, msije mkapotea.) Lakini ubuyu tunaoununua sisi Kariakoo unatoka Dodoma. Kule mibuyu imesimama mashambani kama nyumba, na zamani watoto waliula mkavu bila sukari. Wazungu walichelewa. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kwao kama chakula mwaka 2008, na sasa wanauuza kwa bei ambayo ukiambiwa utakaa chini.

Sasa upishi. Nausema kwa ajili ya wale wanachama wapya, maana kila mmoja anapika kivyake, halafu mteja akikuta kopo la huyu zuri na la yule baya, jina linaloharibika ni la kikundi.

Kilo 1 ya ubuyu, kilo 1 ya sukari, maji vikombe 2. Iliki iliyotwangwa, pilipili manga, chumvi kidogo tu, na pilipili ya kuwasha kwa wanaoipenda. Sufuria iwe nzito. Sukari ikishayeyuka yote, acha kukoroga. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukiendelea kukoroga, sukari inarudi kuwa chengachenga na ubuyu unatoka na ganda jeupe la mchangamchanga. Zile punje zinazoganda ubavuni mwa sufuria zifute kwa kitambaa kilicholowa, umekifunga kwenye mwiko. Kamulia ndimu kidogo, ile chachu inazuia sukari isigande. Kidogo, nasema. Ukizidisha, ubuyu hautakauka mpaka kesho kutwa.

Shira ikivuta uzi kati ya mwiko na sufuria, mimina ubuyu, punguza moto, geuza polepole mpaka kila mbegu ivae. Na watoto wasiwe karibu. Maji ya moto yanamwagika na kupita, lakini shira inanata kwenye ngozi na inaendelea kuunguza.

Halafu kuna hii hewa yetu ya bahari. Anayepika Dodoma anaanika ubuyu wake na kulala. Hapa Mbweni sukari inavuta unyevu wa hewa, asubuhi unakuta ubuyu umekuwa donge moja. Dawa yake ni kuupika shira ikolee zaidi kidogo, kuuacha upoe kabisa, kuunyunyizia unga wa ubuyu mkavu, na kuufunga siku hiyo hiyo kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Usifunge ungali na joto, mvuke utageuka maji humo ndani.

Mabinti zetu wameniletea na habari ya epo za kuchovya kwenye karameli na chokoleti, wameziona kwenye simu, watu wanaziagiza kwa besidei. Nasema epo zile za dukani, siyo matufaa yetu. Karameli hiyo ni sukari iliyoyeyushwa mpaka ikawa rangi ya kahawia, ile ile ya kashata za karanga, hakuna mtu wa hapa asiyeijua. Epo nyingi za dukani zimepakwa nta, kwa hiyo zioshwe kwa maji ya moto na zikaushwe sana, la sivyo sukari inateleza yote. Chokoleti ndiyo shida. Kakao tunayo, inalimwa Kyela, lakini chokoleti inalainika kwa joto hili la Dar es Salaam, na bila friji utapeleka matope kwenye sherehe ya watu. Mwenye friji na oda mkononi afanye. Mtaji wa kikundi nisingeuweka huko kwa sasa.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nisimame.

Mnajua tumepata mnunuzi wa jumla. Anataka mzigo mkubwa kila wiki, na kwa mzigo huo baadhi yetu wangemaliza mikopo yao kabla ya kugawana hisa. Lakini anataka ubuyu mwekundu wa kuwaka, na amesema rangi atatuletea mwenyewe, ya unga, imefungwa kwenye karatasi, haina kopo wala jina. Ni rahisi mno. Wako waliosema tuikubali, mbona wengine wanaitumia. Sikuwakasirikia, najua mtu akidaiwa anavyolala.

Ila tuelewane. Unga mwekundu usio na jina unaweza kuwa wa kutilia nguo au mikeka. Wenye maabara wenyewe hili liliwakuta. Mwezi Februari 2005 kule Uingereza walitoa madukani bidhaa zaidi ya 400, kwa sababu ya rangi moja ya viwandani, Sudan 1, iliyokutwa kwenye pilipili ya unga iliyotumika kutengeneza sosi. Rangi hiyo inahofiwa kuleta saratani, haikubaliki kwenye chakula. Na wala msidanganyane na kipimo cha kuloweka ubuyu kwenye maji, eti ukichuja rangi ni mbaya. Hata rangi nzuri ya chakula inachuja. Linalosema ni kopo: liandikwe rangi ya chakula, jina la rangi, aliyeitengeneza na tarehe ya kwisha. Mambo ya usalama wa chakula tangu mwaka 2019 yako TBS, na mlango wao unabisha tu.

Walaji wa ubuyu wetu ni nani? Ni watoto wa shule, na wajawazito.

Mimi nimejaribu choya. Chemsha choya, chuja, yale maji yake ndiyo uyeyushie sukari, na ndimu uache. Rangi inakuwa nyekundu ya kuiva, haiwaki kama ya yule bwana, na ladha ina uchachu wa kupendeza. Gharama inapanda kidogo, silifichi hilo. Huenda mnunuzi akaukataa.

Uamuzi ni wa kikundi, mimi nina kura moja kama ninyi. Kikao ni Jumamosi saa 9 alasiri, wenye funguo tatu za sanduku wasichelewe. Kila anayepika aje na kopo lake moja na kopo la rangi anayotumia, tuyapange kwenye meza tuyasome. Ya choya nitaleta mimi, muonje kabla ya kupiga kura.

Wapishi wameniashiria pilau iko tayari.