Kijana wa Nyuma ya Lori la Ng'ombe

Ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo, leo tunazungumza juu ya kijana anayepanda nyuma ya lori pamoja na ng'ombe.

Ng'ombe wetu wengi ni wa Ankole. Pembe zao mnazijua. Barabara ya kutoka Ngara kwenda Lusahunga ina milima na kona. Dereva akikanyaga breki, ng'ombe wote husukumwa mbele kwa pamoja. Kijana aliye katikati yao hubanwa kwenye bodi, mbavu zikavunjika.

Hatari kubwa ni ng'ombe akianguka. Vijana hurukia kati ya miguu ili wamwinue, na huku gari linakwenda. Jamani, sivyo! Gongeni bodi kwa nguvu, gari lisimame kwanza. Ndipo mshuke wawili, mmoja awazuie ng'ombe wengine.

Kamba usiizungushe mkononi. Ng'ombe akishtuka atakwenda na vidole vyako.

Tena, kabla ya kupakia, mwageni mchanga sakafuni. Kwato zisipoteleza, ng'ombe haanguki ovyo, na kijana anaweza kukaa mbele na dereva.

Tajiri akinung'unika kwamba mnachelewa mnadani? Mwacheni anung'unike.