Sindano za Kichina na Mafua ya Vumbi

Msikilizaji wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, kiangazi ndicho hiki. Pamba inavunwa, vumbi limetanda. Chafya mfululizo, macho yanawasha, pua inachuruzika: huenda huo ni mzio.

Wapo wanaotibiwa kwa sindano za Kichina, zile nyembamba kama unywele, zinazochomwa ngozini bila dawa. Baadhi yao hupata nafuu. Nafuu tu, mzio wenyewe haziuondoi.

Ukizitaka, nenda kwa mtaalamu aliyesajiliwa. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako. Sindano iliyotumika kwa mwingine, kataa! Inaweza kukuambukiza homa ya ini au VVU. Narudia: pakiti mpya, ifunguliwe ukiona.

Kifua kikibana au kikitoa mlio, usingoje sindano. Wahi kituo cha afya leo hii.