Uvimbe Unaoponya



Katika karne ya 1, Mrumi Celsus aliandika kwamba inflamesheni, yaani mwitikio wa mwili unapojeruhiwa, ina dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Wanafunzi wa udaktari wanazikariri hadi leo. Lakini Celsus alikuwa akitazama ngozi za Warumi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, na daktari anayeusubiri atachelewa. Weka mgongo wa mkono karibu na jeraha, kisha kwenye kiungo kizima, upime tofauti ya joto.

Joto hilo ni la damu. Ukichomwa na msumari, mishipa midogo iliyo jirani hutanuka, kuta zake huanza kuvuja, na majimaji yanayotoka ndiyo uvimbe. Ndani ya saa chache chembe nyeupe za damu hujipenyeza nje ya mishipa kuelekea penye uchafu.

Aliyetuonyesha chembe hizo zinafanya nini ni Mrusi Élie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina, Italia, alichomeka miiba ya waridi kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yake hupitisha mwanga. Kesho yake asubuhi aliitazama kwa hadubini, akakuta chembe zimeuzunguka kila mwiba. Viluwiluwi hivyo havina mishipa ya damu, kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba chembe zenyewe ndizo zilizokwenda kupambana. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Chembe za mwanzo, nyutrofili, hula vijidudu na kufa. Mizoga yake ni sehemu kubwa ya usaha. Nyuma yake huja makrofaji, na hawa ndio ninaowahusudu. Hula maiti hao, kisha hugeuza kazi: hutoa ishara za kuzima vita na kuita seli za kufuma kolajeni. Kufuma huko kunahitaji vitamini C, ndiyo maana mabaharia wa zamani walioikosa waliona hata makovu ya miaka mingi yakifumuka upya. Kovu lenyewe, hata likikomaa, hufikia takriban asilimia 80 tu ya uimara wa ngozi ya awali.

Kwa hiyo kupona hakuanzi uvimbe ukiisha. Uvimbe ndio unaokuanzisha. Hatari iko pale usipojua kukoma. Donda ndugu, hasa la mgonjwa wa kisukari, ni jeraha lililokwama hapo: nyutrofili zinaendelea kumiminika, vimeng'enya vyake vinakula hata tishu mpya. Na kwa kuwa kisukari huweza kuua neva za miguu, mara nyingi maumivu hayapo ya kumwonya mwenyewe.

Basi, mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, na katikati ya vidole pia. Asiyeweza kuinama amwombe mjukuu amtazamie. Akiona mchubuko, aende kliniki kesho yake, asisubiri hadi uanze kuuma.