Hotuba ya Ijumaa: Chungu cha Mfungo Mosi

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mlishaji wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mliomo msikitini hapa Kinyangiri nanyi mnaotusikiliza majumbani! Tumo katika Mfungo Mosi, mwezi wa Shawwal. Idi imekwisha, wageni wamerejea mijini, na mama wa nyumba amesimama mbele ya ghala akitazama kilichobaki.

Mwaka wetu wa Kiislamu hufuata mwandamo wa mwezi, na Idi hutangulia kila mwaka kwa siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili. Mwaka 2025, tarehe 31 Machi. Nchi yetu ya Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, nao huishia yapata Aprili. Mtama na uwele huvunwa baada ya hapo. Basi Idi za miaka hii zatukuta ghala limepungua na shamba halijaiva. Yuko anayeuza alizeti ingali changa shambani, kwa bei ya kutupa, ili alipe deni la mchele na soda, ilhali Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla kukomaa kwake hakujadhihirika.

Hatusemi kwamba kula siku ya Idi ni kosa. Kufunga siku hiyo ni haramu, na kumkirimu mgeni ni ibada. Katika Sura ya 7, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ameamrisha kula na kunywa, kisha papo hapo akakataza israfu. Zingatieni utaratibu huo: ruhusa imetangulia, mpaka umefuata. Na katika Sura ya 12, aya ya 47, Nabii Yusuf (A.S.) aliagiza nafaka iachwe katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kuliwa. Mkulima wa hapa hahitaji tafsiri ndefu. Yusuf hakuwaambia watu wakae na njaa. Aliwaambia wapime kabla ya kupika.

Tumbo nalo lina kipimo chake. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu hajazi chombo kilicho kiovu kuliko tumbo, na ikiwa hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Wengine hujihimu kufunga sita za Shawwal, jambo lenye thawabu kubwa, kisha magharibi wakala chakula cha watu wanne! Sita hizo si adhabu ya ulafi wa Idi. Mwenye kisukari anayetumia dawa amwulize kwanza mganga wa zahanati, na mama anyonyeshaye asijidhuru kwa jambo la sunna.

Liko jambo jingine, nalo huwahusu zaidi vijana wanafunzi. Baada ya siku chache za pilau, mtoto huukunjia uso ugali wa uwele na mlenda, akaviita vyakula vya kimaskini. Abu Hurayra (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakukitia ila chakula kamwe: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Na huo uwele unaodharauliwa una madini ya chuma mengi kuliko mchele mweupe, na unga wake usiokobolewa haupandishi sukari ya damu upesi kama wali. Anayeona haya kumwandalia mgeni ugali huo, haya yake haina msingi.

Baada ya Sala, enyi wenye nyumba, itwaeni ile pishi mliyopimia Zakatul Fitri, yapata kilo mbili na nusu, mpimie nafaka iliyomo ghalani. Tengeni mbegu kwanza, wala msiiguse. Kisha hesabuni vichwa vinavyokula na siku zilizobaki mpaka mavuno, mke na mume pamoja, kwani mpishi asiyejua hesabu hawezi kulaumiwa chungu kikizidi. Na jirani ambaye moshi haukuonekana kwake tangu Idi, awemo katika hesabu hiyo.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu.