Hotuba ya Mgeni Rasmi: Swali la "Unafanya Kazi Gani?"

Swali la "Unafanya kazi gani?" ni jepesi hadi aulizwe mtu aliyelima mahindi Jalisco nchini Meksiko, akachuma matunda California, akarudi kuoa, kisha akaenda kujenga nyumba Chicago. Ndiyo maana Mradi wa Uhamaji wa Meksiko, ulioanzishwa mwaka 1982 na Jorge Durand na Douglas Massey, humwomba mkuu wa kaya asimulie maisha yake mwaka kwa mwaka: kazi, ndoa, watoto, mali na safari.

Itifaki imezingatiwa. Hotuba iliyoandaliwa ina kurasa sita za pongezi, na waandaaji wanazistahili zote. Lakini zikisomwa, chakula kitapoa. Zinawekwa kando, hojaji ya Mradi huo ipate nafasi.

Katika kila jamii huchaguliwa kwa nasibu kaya zipatazo 200. Mahojiano mengi hufanyika Desemba na Januari, wahamiaji wanaporudi kula Krismasi na wazazi. Mdadisi anayebisha hodi Julai hukuta bibi, wajukuu na mbwa. Watafiti wanaopanga safari kwa kufuata mwaka wa fedha, si kalenda ya wanaotafitiwa, wajipime hapo. Baadaye wadadisi huvuka mpaka kuwatafuta wanakijiji waliohamia Marekani kwa kudumu.

Uvumilivu huo umelipa. Marekani ilipokaza ulinzi wa mpaka, hasa miaka ya 1990, ada za wavushaji zilipanda. Historia hizo za maisha zilionyesha jambo ambalo wanasiasa hawakulitarajia: watu hawakuacha kwenda, waliacha kurudi. Aliyevuka kwa gharama na hatari hakuthubutu kurudia. Hojaji isiyouliza tarehe ya kurudi isingeliona hilo.

Mradi una mipaka yake. Ulianzia magharibi mwa Meksiko, na jamii zake si sampuli ya taifa zima. Kwa soko la ajira la nchi nzima upo utafiti wa ENOE wa taasisi ya takwimu ya INEGI, tangu 2005, unaotembelea kaya ileile kwa robo tano za mwaka mfululizo. Lakini kaya ikihama yote, mdadisi hukuta kufuli mlangoni.

Maombi ya waandaaji kuhusu kompyuta na posho za wadadisi yamepokelewa, nayo yatafikishwa panapohusika wakati utakaofaa. Data za Mradi wa Uhamaji hazihitaji kusubiri: ziko wazi kwa watafiti, bila malipo. Vijana wazichukue leo.