Mkataba wa Reli na Sisi wa Kisumu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa kazi za njia mbele ya mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya mashirika ya Serikali kutiwa mikononi mwa watu binafsi. Najua wengi wenu mmekuja mkitaka kusikia neno moja tu, yaani "Hatukubali." Nitawaomba radhi, kwani mimi nataka kwanza tuangalie jambo hili kama vile fundi aangaliavyo injini iliyosimama, kabla hajaanza kumtukana aliyeiendesha. Nami nitasema juu ya reli, maana ndiyo kazi ninayoijua, na hasa njia yetu hii ya kutoka Nakuru mpaka Kisumu, kilomita 217. Sisi wa reli hatuna haja ya kubahatisha. Tumekwisha kuendeshwa na Serikali, tukaendeshwa na mwenye mkataba, kisha tukarudi kwa Serikali.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali hapa pakaitwa Port Florence. Mwaka 1948 ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua kipande chake, na mwaka 1978 Kenya ikaunda Shirika lake la Reli.

Sasa tusidanganyane. Wakati wa Shirika mambo hayakuwa asali. Madeni yalikuwa mengi, vichwa vya treni vililala karakana kwa kukosa vipuri, wakubwa waliwekwa na kuondolewa kwa upepo wa siasa, na mwenye mzigo alipoona gunia lake halifiki, alilipeleka kwenye lori. Mfanya kazi aliitwa mvivu, naye hana spana mkononi. Kwa hiyo Serikali iliposema kwamba lazima reli ipate mwendeshaji mwingine, haikuwa ikizua shida isiyokuwako.

Basi mwaka 2006 mkataba ulitiwa sahihi, na Novemba mwaka huo kampuni iitwayo Rift Valley Railways ilishika reli ya Kenya na ya Uganda pamoja. Mizigo walipewa kwa miaka 25, na abiria wa Kenya kwa miaka 5. Aliyeongoza mwanzoni alikuwa Sheltam wa Afrika Kusini. Mwaka 2010 Citadel Capital ya Misri ikaingia na kuwa na neno kubwa. Maelfu ya wenzetu walipunguzwa kazi. Mwaka huo huo wa 2006 uliwekwa mfuko wa pensheni ya wafanya kazi wa reli, ukapewa ardhi na nyumba za Shirika ili ziwalipe wazee. Wazee wenyewe mko hapa, na mmesema hadharani mara nyingi jinsi malipo yalivyochelewa. Nyumba haiuziki kwa siku moja, lakini mzee hula kila siku.

Nataka tukae kidogo juu ya mkataba wenyewe. Mwenye mkataba alitakiwa kulipa kila Serikali asilimia 11.1 ya mapato ya mizigo. Mimi nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na hesabu yangu si kubwa, lakini asilimia 11.1 ya sifuri naiweza. Ni sifuri. Mizigo mingi hupita njia kuu ya Mombasa, Nairobi, Nakuru mpaka Malaba. Njia ya Kisumu ni tawi. Tawi lisilopitisha kitu halimtozi mwendeshaji hata senti ya ada, na kulitunza kunamgharimu kila mwezi. Kwa hesabu hiyo mfanya biashara yeyote, awe Mwafrika Kusini, awe Mmisri, awe mtoto wa Kano, atatia fedha yake njia kuu na kuliacha tawi lingoje. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema amefuata hesabu aliyopewa.

Na reli ikingoja, haingoji kama jembe lililotundikwa ukutani. Ninyi wa gengi mnajua, lakini wa ofisini na wa bandarini wasikie. Kutoka Muhoroni kushuka Chemelil, Kibigori, Miwani mpaka Kibos, njia inapita tambarare ya Kano. Udongo wake ni mweusi, hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na mto Nyando hufurika. Kokoto zisipoongezwa zinazama. Majani yakiota katikati ya mataruma, maji hayaondoki, na taruma linacheza kila gurudumu likipita. Hapo bolti inalegea. Bolti iliyolegea anaiona mnunuzi wa chuma chakavu kabla ya mnyapara, kwa sababu gengi lililokuwa likitembea kipande hicho kila siku limepunguzwa. Kisha inatoka amri treni iende polepole. Mzigo unachelewa, mwenye mzigo anakwenda kwa lori, mapato yanapungua, na mkubwa anaandika kwamba tawi halina faida. Kumbe faida iliondoka pamoja na kokoto.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu ilikoma kwa karibu miaka 10. Nayo MV Uhuru, meli iliyojengwa miaka ya 1960 ibebe mabehewa 22 kuvuka ziwa mpaka Port Bell na Mwanza, ilifungwa gatini zaidi ya miaka 10. Watu walijenga vibanda juu ya ardhi ya reli, nao walikuwa na sababu, maana hawakuona treni.

Mwaka 2017 mkataba ulivunjwa na Serikali ikairudisha reli. Mwaka 2019 MV Uhuru ikatengenezwa kwa msaada wa mafundi wa Jeshi la Wanamaji, ikaanza kupeleka mafuta Uganda. Njia ya Nakuru ikatengenezwa kwa takriban shilingi bilioni 3.8, na Desemba 2021 treni ya abiria ikafika Kisumu tena. Tulifurahi, lakini fedha hizo ni za wananchi, zimelipia kokoto ambazo hazikutiwa kwa wakati wake. Vibanda vya wachuuzi vikabomolewa, na mama muuza samaki akalipa sehemu yake ya mkataba asioujua.

Kwa nini naleta habari hizi sasa? Kwa sababu ya majirani zetu wa njia hiyo hiyo. Viwanda vya sukari vya Chemelil na Muhoroni, pamoja na Nzoia na Sony, mwaka 2025 vilikodishwa kwa watu binafsi kwa miaka 30. Muhoroni kilikuwa chini ya mrasimu tangu mwaka 2001, na wafanya kazi wa viwanda hivyo walikuwa wakidai mishahara ya nyuma. Tena sheria ya ubinafsishaji ya mwaka 2023 ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2024, na Oktoba 2025 sheria mpya ikatiwa sahihi. Kwa hiyo mikataba itakuja mingine, na huenda mmoja ukawa wetu.

Maoni yangu ni haya. Chama kisipoteze nguvu zote kubishana nani awe mwenye reli. Tudai kuuona mkataba kabla haujatiwa sahihi, na ndani yake tawi la Kisumu mpaka Butere litajwe kwa jina: kokoto kiasi gani kwa mwaka, treni ngapi kwa juma, na faini gani zisipoonekana. Ada ya asilimia peke yake tuikatae, kwa sababu nimewaonyesha inakokwenda. Awepo mkaguzi wa njia asiyelipwa na mwendeshaji. Na malipo ya wanaopunguzwa yawekwe benki kabla ya makabidhiano, yawe fedha taslimu. Wazee wameonja ya kulipwa kwa ardhi.

Masharti hayo hayo tumtake na mkubwa wa Serikali, maana yuko kazini leo na hatungoji mgeni. Tangu mwaka 2004 wakubwa wa mashirika ya umma wamekuwa wakitia sahihi mikataba ya utendaji kazi na Serikali. Vizuri sana. Lakini karatasi hiyo mimi sijaiona imebandikwa karakana yoyote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililofungiwa kabatini ni sawa na lisilokuwako. Ikiwa ameahidi vichwa vinne vitengenezwe, fundi asome ni vinne, ili mwisho wa mwaka tuhesabu pamoja naye.

Bwana Mwenyekiti, nimeyaandika madai haya katika karatasi moja, nayo iko kwa Bwana Katibu. Wa bandarini sikuwaandikia, kwani mambo ya meli wanayajua wenyewe. Waongeze yao chini, na wazee waongeze juu ya pensheni, kabla haijapelekwa makao makuu.